Layne Staley wa Alice in Chains: maswali ambayo sisi mashabiki tunaulizwa kila siku

Maswali haya yanajirudia mno. Ikikaribia tarehe 5 mwezi wa nne, au tarehe 22 mwezi wa nane, inboksi inajaa, wengine wanauliza kwa nia nzuri, wengine wanataka tu umbea wa unga. Nimeyaweka sehemu moja. Mengine nimejibu kwa kirefu, mengine mstari mmoja unatosha.

Layne Staley ni nani kwanza?

Ndo sauti ya Alice in Chains, bendi ya roki ya Seattle, jimbo la Washington, Marekani. Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1967 Kirkland, mji uliopo jirani tu na Seattle. Alianza utotoni kama mpiga drami, alipokuwa kijana ndo akagundua anachotaka hasa ni maiki. Mwaka 1987 akakutana na mpiga gita mmoja anaitwa Jerry Cantrell, jamaa katoka kufiwa na mama yake mwaka huohuo na hana pa kulala, Layne mwenyewe alikuwa anaishi kwenye jengo la vyumba vya mazoezi ya bendi linaitwa Music Bank kule Ballard, akamwambia njoo tukae wote. Wakaongezeka Sean Kinney kwenye drami na Mike Starr kwenye besi, bendi ikakamilika. Starr alitoka mwaka 1993 nafasi yake akachukua Mike Inez.

Albamu ya Facelift ilitoka 1990, Dirt 1992, Jar of Flies 1994, alafu ile albamu yenye jina la bendi, yenye mbwa wa miguu mitatu kwenye kava, 1995. Layne alifariki Aprili 2002 akiwa na miaka 34.

Alice in Chains ni granji au ni metali?

Vyote. Walikulia kwenye metali wakatokea mji wa granji, yaani ile roki nzito ya Seattle, redio ikawaweka ilipotaka. Wenyewe hilo halijawahi kuwanyima usingizi.

Sasa sauti yake ina nini cha ajabu? Mbona waimbaji wa roki wapo wengi?

Hapa nitakaa kidogo.

Kwanza jamaa alikuwa na nguvu. Fungua Dirt, sekunde ya kwanza kabisa ya wimbo wa kwanza, Them Bones, unakutana na Layne anapiga ukelele mfupi juu ya gita, hajasema neno hata moja ila ushajua uko wapi. Na ukitaka kuona ugumu wa ile kazi jaribu kuhesabu mapigo ya beti zake, yanaenda saba saba badala ya nne au nane tulizozoea, yaani ukitikisa kichwa kawaida unajikuta umepotea njia, lakini yeye anaimba juu yake kama vile hakuna kitu.

Pili, na hii ndo watu wengi wanaisikia bila kujua wanasikia nini, ni jinsi alivyokuwa anajirekodi. Studio alikuwa anaimba mstari, anaurudia tena, na tena, sauti zake mwenyewe zinapangwa moja juu ya nyingine. Ndo maana kwenye rekodi inasikika nzito namna ile, kuna Layne kadhaa pale wameshikana. Dave Jerden, prodyuza wa Facelift na Dirt, aliielezea hiyo tabia na alishangaa jinsi jamaa alivyokuwa anajua kabla hata ya kuingia nini kitaenda wapi.

Tatu, Jerry. Huwezi kuongelea sauti ya Layne ukamuacha Jerry Cantrell, maana nusu ya uchawi ni pale wanapoimba wote wawili. Kwenye nyimbo nyingi sauti ya pili inakuja kuupamba wimbo, kuutia utamu. Hawa wao wakiimba pamoja wimbo unazidi kuwa mchungu. Sikiliza Would?, Jerry anaimba beti taratibu chini chini, alafu kiitikio Layne anaingia na mlango mzima. Wimbo wenyewe Jerry aliuandika akimuwaza Andrew Wood, muimbaji wa Mother Love Bone, aliyefariki kwa heroini mwaka 1990. Ndo hivyo, aliyekuwa anauimba nae akaja kwenda njia ileile.

Kwa nini hawatajwi sana kama Nirvana?

Wanatajwa, inategemea unakaa na nani. Ila kweli Kurt Cobain, muimbaji wa Nirvana, alifariki 1994 akiwa katikati ya mwanga wote wa dunia, Layne yeye alipotea taratibu. Shoo yake ya mwisho na bendi ilikuwa tarehe 3 Julai 1996 Kansas City, wakiwafungulia Kiss, baada ya hapo karibu miaka sita watu hawakumuona stejini. Mtu akipotea hivyo dunia inakuwa ishahamia kwenye mambo mengine.

Wasanii wenzake hawakumsahau lakini. Na wanunuzi pia, Dirt ilipotolewa upya kwenye santuri mwaka 2022, miaka 30 baadaye, ilirudi kwenye kumi bora za Marekani ikashika namba 9. Mwaka 1992 yenyewe mwisho ilifika namba 6. Albamu ya zamani vile, haina video mpya, haina tiktoki ya kuipandisha kwa makusudi. Jar of Flies nayo ilikuwa EP (rekodi fupi kuliko albamu) ya kwanza kabisa kuingia moja kwa moja namba 1 kwenye chati ya albamu ya Billboard, na waliirekodi kwa kama wiki moja tu.

Kuhusu Rock and Roll Hall of Fame, lile jumba la heshima la wanamuziki wa roki, Nirvana waliingia 2014, Pearl Jam 2017, Soundgarden 2025, na hadi hapo Alice in Chains walikuwa bado wako nje. Mimi naona ni aibu ya hao wanaochagua.

Ni kweli alifariki siku moja na Kurt?

Kurt ni tarehe 5 Aprili 1994. Cheti cha Layne kinasema tarehe 5 Aprili 2002. Ila jua kwamba hiyo ya Layne ni makadirio, mwili wake ulikutwa tarehe 19 nyumbani kwake Seattle baada ya watu wa hesabu zake kuona wiki mbili hajatoa hela, wakatoa taarifa, mama yake akaenda na polisi. Chanzo ni mchanganyiko wa heroini na kokeini. Alikuwa na kilo kama 39.

Wale wa nadharia kwamba tarehe ina siri ndani yake, hapana. Ni makadirio ya daktari.

Kwa nini alijifungia ndani miaka yote ile?

Watu wanataka jibu moja, halipo. Unga alikuwa ameshauanza kabla. Mwezi wa kumi 1996 akafariki Demri Parrott, binti aliyekuwa mchumba wake, wote waliomjua Layne wanasema hakuwahi kurudi sawa baada ya pale. Umaarufu nao alikuwa ameshauchoka. Hata hivyo hakuwa amekatika kabisa, mwaka 1998 aliingia studio akarekodi Get Born Again na Died na bendi, hizo ndo za mwisho walizorekodi pamoja, ukizisikiliza sauti imebadilika, imekuwa nyembamba, lakini akili ya kupanga sauti bado ipo palepale.

Zaidi ya hapo ni umbea, na zile picha za mitaani za miaka yake ya mwisho mimi siziposti. Ukinitumia nafuta.

Nyimbo zake si zinasifia unga?

Hili swali ndo lilinifanya niandike ukurasa huu wote, soma mpaka mwisho tafadhali.

Dirt nusu ya pili imepangwa kama hadithi. Kuna Junkhead, ambapo mtu anajisifu, anasema anachotumia ni bora kuliko maisha yenu, anatamba kabisa. Mtu akiishia hapo anaondoka na picha kwamba jamaa anatangaza biashara. Sasa usizime. Zinazofuata ni bili inaletwa mezani, moja baada ya nyingine, mpaka unafika Hate to Feel na Angry Chair ambazo Layne aliziandika mwenyewe maneno na mziki, na pale hakuna anayetamba tena, kuna mtu amekaa kwenye kiti na hawezi kuamka. Alishaeleza kwenye mahojiano kwamba hizo nyimbo zilifuatana makusudi. Anayekatia kipande cha Junkhead akakiweka kwenye statasi yake amechukua mwanzo wa kesi akaacha hukumu.

Na mwenyewe lilimuumiza. Mwaka 1996 aliongea na jarida la Rolling Stone, akasema aliandika kuhusu madawa bila kufikiri kama kuna hatari, na hakutaka mashabiki waone heroini ni kitu cha kijanja, alafu akawa anakutana na mashabiki wanamnyooshea dole gumba wanamwambia wako stimu. Akasema hicho ndo kitu hasa ambacho hakukitaka.

Basi ukiniuliza urithi wa Layne kwetu mashabiki unaanzia wapi, mimi naanzia kwenye hilo dole gumba. Kuna shabiki anayesikiliza na kuna shabiki anayeshangilia ajali. Tisheti ya sindano, mimi apana. Kumuita "mfalme wa mateja" ukidhani unamsifu, apana. Jamaa alikuwa mchekeshaji kwa mujibu wa kila aliyefanya nae kazi, alikuwa anachora, mwaka 1992 alivunjika mguu kwa pikipiki ya magurudumu manne wakiwa ziarani na Ozzy Osbourne akapanda stejini na magongo akaimba vilevile. Hayo yote tuyafute ili ibaki sindano?

Nina ndugu yangu ni teja, nyimbo za Layne zimenifanya nimuwaze. Nifanyeje?

Mimi ni shabiki wa mziki tu, sio daktari. Ila tofauti na enzi hizo, kwetu huduma zipo. Tanzania kliniki ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, baadaye zikaja Mwananyamala na Temeke, Kenya ilianza Mathari mwishoni mwa 2014. Dawa ile inatuliza arosto, mtu anaweza kuanza kuishi tena. Na soba hausi zipo, ila nenda kaione kwanza kwa macho yako kabla hujampeleka mtu. Usimsubiri afike chini kabisa ndo umsaidie, huko chini wengi hawarudi.

Kuna ile interviu yake ya mwisho anasema anajua atakufa, ni ya kweli?

Ile inazunguka sana, kila mwaka mtu anaipost na picha nyeusi na nyeupe. Ilitoka kwenye kitabu kilichochapishwa baada ya kifo chake, mwandishi akidai waliongea miezi michache kabla. Mwandishi mwingine aliyefanya utafiti mrefu wa historia ya bendi, kitabu chake kikatoka 2015, alionyesha sababu nyingi za kutoiamini, na familia nayo haikuikubali. Mimi siitumii. Kama unataka maneno ya Layne yapo mahojiano ya video ya miaka ya 90, anaongea kwa sauti ya chini, anatania, unamuona kabisa ni yeye.

William DuVall anamuiga Layne?

Hapana, na hii vita tuimalize.

Baada ya Layne kufariki bendi ilikaa kimya. Mwezi wa pili 2005 wakapanda tena stejini Seattle kwenye shoo ya kuchangia wahanga wa tsunami, ile ya Desemba 2004 iliyofika mpaka pwani ya Somalia na huku kwetu, wakasimamisha waimbaji wageni. 2006 DuVall akaanza kuzunguka nao kama muimbaji. 2009 ikatoka Black Gives Way to Blue, na wimbo wenye jina la albamu ni wa kumuaga Layne, Jerry anaimba na piano anapiga Elton John. Ilitoka tarehe 29 Septemba, siku ileile iliyotoka Dirt miaka 17 nyuma.

DuVall ana sauti yake, anapiga gita, nyimbo za zamani anaziimba kwa heshima bila kujifanya Layne. Kuna mashabiki walimsumbua kwa sababu ni mtu mweusi, hao siwajibu. Wale wanaosema tu "bila Layne sio bendi" nawaelewa, ila Jerry ndo aliandika sehemu kubwa ya nyimbo mnazozililia, mnataka afanye nini, akauze gita?

Mad Season ni nini?

Bendi ya pembeni. Mike McCready wa Pearl Jam alikutana na mpiga besi John Baker Saunders wakiwa rehab, akarudi Seattle akamuita Barrett Martin wa Screaming Trees kwenye drami, na Layne kwenye maiki. Wazo lake lilikuwa kwamba Layne akizungukwa na watu walioacha ataacha na yeye. Haikuwa hivyo, na Saunders mwenyewe alifariki 1999 kwa heroini. Ila walituachia albamu, Above, ya Machi 1995, na River of Deceit ndani yake ambamo Layne anaimba kwa utulivu ambao huupati kwingine. Mark Lanegan, muimbaji wa Screaming Trees, nae yumo. Mchoro wa kava ni wa mkono wa Layne, aliutoa kwenye picha yake na Demri.

Mimi nikilazimishwa kubaki na rekodi moja ya Layne nabaki na hii, na najua nitatukanwa.

Mashabiki wa kule kwao wanamkumbukaje?

Tarehe 20 Aprili 2002, habari ilipotoka tu, watu walikusanyika kwenye ile chemchemi kubwa ya Seattle Center na mishumaa. Wanabendi wenzake walikuja, Chris Cornell wa Soundgarden alikuja, wakakaa na mashabiki bila jukwaa wala hotuba kubwa. Tangu mwaka huo kila Agosti, wiki ya kuzaliwa kwake, kuna shoo ya kumbukumbu Seattle, bendi za pale zinapiga nyimbo zake. Mama yake, Nancy McCallum, alianzisha mfuko wa jina lake wa kusaidia matibabu ya walioathirika na heroini mjini humo. Mwaka 2019 meya wa Seattle akatangaza 22 Agosti kuwa siku ya Layne Staley. Alafu Desemba 2020 jumba la makumbusho la MoPOP likaipa bendi tuzo, ilikuwa kipindi cha korona kwahiyo kila mtu alipiga alipo, Metallica, Korn, Ann Wilson wa Heart, wote wanaimba nyimbo za Alice in Chains.

Wasanii gani wamemuimba?

Wengi. Eddie Vedder, muimbaji wa Pearl Jam, aliandika wimbo usiku aliopata habari, jina lake ni tarehe yenyewe, 4/20/02, umefichwa mwisho kabisa wa albamu yao ya Lost Dogs ya 2003, yupo na gita peke yake na anawachana wale waliojaza redio wakiiga sauti ya Layne. Staind walitoa wimbo unaitwa Layne mwaka 2003, Black Label Society nao wakatoa wa jina hilohilo 2004. Jerry aliitoa albamu yake Degradation Trip kwa heshima yake miezi miwili tu baada ya msiba. Na Metallica wakirekodi Death Magnetic, James Hetfield alileta picha ya Layne ikakaa studio muda wote.

Kuhusu waigaji, ni kweli mwisho wa miaka ya 90 kila muimbaji wa roki Marekani alikuwa anaunguruma kupitia puani kama Layne. Wengi walichukua mngurumo wakaacha maumivu.

Kaburi lake liko wapi?

Alichomwa. Hakuna kaburi la kwenda kutembelea, na familia iacheni ipumzike.

Na yule paka wake?

Sadie, paka wa Siam. Jerry alimchukua.

Wewe mswahili unapata nini kwenye makelele ya wazungu?

Kile unachopata wewe kwenye taarabu, mtu anasema linalomkera bila kulipunguza. Swali linalofuata.

Sawa, nishawishike. Naanzia wapi?

Usianze na Dirt, utakimbia. Anza na Jar of Flies, nyimbo saba, nusu saa imeisha, na gita nyingi ni za kawaida zisizo na makelele. Ukifika Nutshell irudie. Siku hizi bendi wakiipiga stejini huwa wanawataja Layne na Mike Starr, ambae nae alifariki 2011.

Kisha nenda kwenye MTV Unplugged, ilirekodiwa Brooklyn tarehe 10 Aprili 1996, tafuta video sio sauti tu. Inaanza na Nutshell, wenzake wanatoka mmoja mmoja Layne wa mwisho, nywele za pinki, ukumbi unalipuka. Zaidi ya miaka miwili walikuwa hawajapiga shoo kamili. Kwenye Sludge Factory anakosea maneno, anatukana, wanaanza upya watu wanacheka. Metallica walikuwa wamekaa mbele na walikuwa ndo wametoka kunyoa nywele, Mike Inez akaandika utani juu yao kwenye besi yake, ukiangalia vizuri unausoma. Naipenda ile shoo kwa sababu hiyo, watu wanasema ni ya huzuni na kweli amedhoofika, lakini kuna vicheko pia pale.

Baada ya hapo Above, halafu Facelift, alafu ndo uingie Dirt kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kuruka. Na usisikilizie kwenye spika ya simu, besi yote inaliwa, tafuta hata hedifoni za elfu tano.